Mabanda ya video Malindi, mnawaua wauaji wetu kabla hawajafika

#1

Leo sina upole. Mabanda ya video ya Malindi, kutoka Maweni hadi Muyeye, yanaonyesha muvi za hofu kama yanavyoonyesha mpira: mlango wazi, sauti juu, mwangaza hadi mwisho, na mtu wa kupiga domo juu ya kila kitu. Mpira unastahimili. Muvi ya hofu haistahimili, maana imejengwa kwa giza na kimya, na vyote viwili mnavifukuza kabla hamjabonyeza rimoti.

Tuanze na hilo domo. Dijei wa kutafsiri ana kazi yake, na kwenye muvi za ngumi simlaumu. Steringi anapiga, adui anaanguka, dijei anachangamsha. Lakini yule Art wa Terrifier, mchekeshaji mwenye uso mweupe, hasemi neno hata moja. Hata akiumia halii kwa sauti. David Howard Thornton anamwigiza kwa uso na mikono tu, anacheka bila kutoa mlio, na hapo ndipo nywele zinaposimama. Sasa dijei anampa sauti ya mzee mwenye kikohozi, anamfanya atanie wasichana, anamfanya adai chenji. Mmelipa kumwona muuaji bubu, mmepewa makanga. Michael Myers, muuaji wa Halloween, vile vile: kinachotakiwa kusikika ni pumzi zake ndani ya kinyago. Na A Quiet Place ya 2018 ndiyo tusi kabisa. Familia inazungumza kwa ishara kwa sababu viumbe wanawinda kwa kusikia, ukidondosha kitu umekwisha, na dijei anapayuka juu yake kwa dakika 90. Viumbe wale wangeshukia Malindi, wangeanza na yeye.

Halafu anatoboa siri, na siri yenyewe ni ya uongo. Friday the 13th ya 1980 inamficha muuaji karibu hadi mwisho. Unaona mkono, unaona kiatu, kamera inakaa mahali pa macho yake. Kila mkono ukitokea, dijei anapiga ukelele, "Jason huyo!" Si Jason, huyo ni muuaji wa sehemu zilizofuata. Na kile kinyago cha magongo ya barafuni Jason hakukivaa hadi sehemu ya tatu, 1982. Kwa hiyo amewaharibia fumbo na amewadanganya, kwa pumzi moja.

Picha nayo. Halloween ya John Carpenter, 1978, ilipigwa kwa upana wa 2.35 kwa kimo cha 1, na upana ule si urembo. Carpenter na mpiga picha wake Dean Cundey walimpanga Michael pembezoni: nyuma ya ua wa majani, kwenye kona ya dirisha, upande ule usioutazama. Wewe macho yako yapo katikati, jicho la pembeni linakunong'oneza kuna kitu. Mwenye banda anaona mistari myeusi juu na chini, anaudhika, anabonyeza rimoti mpaka picha ijae. Televisheni ni 1.78 kwa 1. Piga hesabu: umekata asilimia 24 ya picha, kushoto na kulia, na huko ndiko muuaji alikokuwa amesimama. Mtu anatoka bandani akisema muvi za zamani hazitishi. Zitatishaje, na muuaji mmemwacha nje?

Sinners ya 2025 inaumia zaidi. Sehemu yake kubwa ina upana wa 2.76, kwa hiyo ukiijaza skrini unabaki na chini ya thuluthi mbili. Michael B. Jordan anacheza mapacha wawili; bandani nyakati nyingine ni pacha mmoja na bega.

In a Violent Nature ya 2024 inapatwa na kinyume chake. Hiyo ni 1.33, karibu mraba, weusi uko kushoto na kulia. Mkiivuta ijae, kila kitu kinanenepa kwa thuluthi nzima, na muuaji anayetembea msituni kama mzoga uliofufuka anaonekana ametoka kula biriani ya harusi. Tena muvi ile haina muziki wa kusindikiza. Ni nyayo, ndege na majani. Mabanda yanadhani nakala ni mbovu, yanaikimbiza mbele hadi kwenye kifo kinachofuata. Jamani, ile safari ndefu nyuma ya mgongo wake ndiyo muvi yenyewe! Unajua anakwenda wapi, walioko huko hawajui, na wewe unalazimishwa kutembea naye.

Rudini kwenye Halloween mara moja. Kuna pahali Laurie, msichana anayewindwa, ameegemea ukuta analia, na nyuma yake kuna mlango mweusi. Uso mweupe unajitokeza mle taratibu, kwa sababu taa iliongezwa kidogo kidogo mpaka jicho lenyewe likagundua. Ukipandisha mwangaza ili ushindane na jua linalopenya matundu ya mabati saa tisa alasiri, unamwona tangu mwanzo, hakuna kugundua. Ukiwa na nakala iliyobanwa, humwoni hata akiwa yupo.

Maana na huko kubana kumepita mpaka. Terrifier 2 ina dakika 138. Ikishushwa hadi megabaiti 400 ili fleshi ijae muvi nyingi, inabaki na kama kilobiti 390 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. DVD ya kawaida, ingawa inabana kwa njia ya kizamani, ina zaidi ya mara kumi ya hizo. Na programu ya kubana huanza kuiba gizani, kwa kuwa inadhani jicho halitajali kilichopo kivulini. Ndivyo mnavyoona vigae vya kijivu vikitambaa ukutani. Nosferatu ya Robert Eggers, 2024, ya mishumaa na mbalamwezi, ikibanwa namna hiyo ni tope tupu. Muvi ya saa mbili yenye giza, msikubali chini ya gigabaiti 2.

Kingine ni ule ulaini. Filamu ni picha 24 kwa sekunde. Televisheni mpya hubuni picha za katikati ili mwendo uteleze. Samsung wanaiita Auto Motion Plus, LG TruMotion, Sony Motionflow. Kwa mpira, sawa. Kwa muvi ya visu, kinyago kinageuka plastiki, damu inageuka rangi, na yote yanafanana na tamthilia ya saa moja jioni. Ingieni kwenye mipangilio ya picha, zimeni, mweke hali ya sinema. Hata dakika haiishi.

Mwaka 1960 mwongozaji Hitchcock alishurutisha kumbi zilizoonyesha muvi yake, Psycho, zisiingize mtu baada ya muvi kuanza. Huku mlango wa bati unafunguliwa kila dakika tano na taa ya bodaboda inamulika skrini.

Anayebisha abishe kwa hoja. "Kama hupendi kaa kwako" si hoja.

#2

Shekhe, umeugusa moyo, lakini sauti umeipita mbio, na huku Lamu ndiyo inayotumaliza.

Nakala nyingi nzuri huja na sauti ya njia sita. Mazungumzo yanakaa kwenye njia ya katikati. Kompyuta ikidhani ina spika sita na wewe umechomeka mbili, ile ya katikati haina pa kutokea: mayowe na muziki vinavuma, maneno ni kama yanatoka kisimani. Watu wanalaumu muvi. Fungua mipangilio ya sauti, chagua spika mbili, basi, maneno yanarudi. Mngurumo mzito una njia yake pia, na mara nyingi hutupwa sauti ikikunjwa kuwa mbili, kwa hiyo msishangae wufa ikisinzia.

Wufa ikisinzia kila muvi, tazama nyaya nyuma ya spika. Spika moja ikiwa mwekundu umeingia pa mweusi, koni moja inasukuma nje nyingine inavuta ndani, na mzito unajifuta wenyewe. Kupima ni rahisi: chomoa spika kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha nyaya mara moja. Koni ikitoka nje, upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Fanya zote, zifanane.

Halafu chumvi. Vichomeko vya sauti hapa Langoni vinashika kutu upesi, vinaleta mlio wa nzi. Zima umeme, sugua kwa kifutio cha penseli, malizia kwa pamba na spiriti. Muvi yenye kimya haiwezi kutisha ikiwa chini yake kuna nzi.

#3

Mwanzisha uzi, wewe unaongea kama mtu asiyewahi kulipia bili ya umeme ya banda. Wateja ndio wanaotaka dijei. Muvi ikinyamaza dakika mbili utasikia, "Weka nyingine!" Na hicho Kiingereza cha Mississippi ya 1932 kwenye Sinners, nani bandani anakifuata? Dijei akinyamaza, nusu ya watu hawajui hadithi. Weapons ndiyo ilitutoa jasho: inasimulia kwa mhusika mmoja, halafu inarudi nyuma inaanza na mwingine, watu wakasema fleshi imekwama inarudia. Bila mtu wa kuwaambia "tumerudi nyuma sasa, huyu ni baba wa mtoto," wangedai pesa zao.

Na kufunga mlango mwezi wa Februari, watu 40 chini ya mabati, unataka kuua kwelikweli.

#4 (mwanzisha uzi)

Hapo kwenye Weapons umenishinda, nakubali. Watoto 17 wa darasa moja wanatoka nyumbani saa nane na dakika 17 usiku, na jibu linakuja vipande vipande. Anayesema "tumerudi nyuma" anasaidia. Basi aseme hilo, anyamaze. Dijei mzuri huingia pale wahusika wenyewe wanapozungumza. Anapotembea mtu peke yake kwenye korido, hakuna cha kutafsiri.

Dawa ya lugha ni maandishi ya chini ya Kiswahili. Faili la srt ni maandishi matupu: nambari, saa ya kuingia na kutoka, maneno. Mistari miwili, herufi kama 40 kila mstari. Kiswahili ni kirefu, msitafsiri neno kwa neno mtajaza skrini. Lipe faili jina lile lile la muvi, liweke kwenye folda moja, programu ya kuchezea italiona yenyewe. Na "Run!" ni "Kimbia!", sio "Nakuomba ukimbie ndugu yangu."

Mlango, wekeni pazia mbili zito zilizoachana mita moja. Mtu akifungua ya kwanza, ya pili imefungwa. Upepo unapita, mwanga haupiti.

#5

Nyote mnapiga mabanda, muvi zenyewe mnaziachia. Nusu ya ninazoziona siku hizi damu ni ya kompyuta. Inaruka hewani kama vumbi jekundu, kisha picha inayofuata shati ni jeupe, ukuta mkavu. Terrifier 3 hadithi yake ni nyembamba kama karatasi ya sigara, lakini ile kazi ya damu ni ya mikono, inalowesha, inateleza, na kwa bajeti ya kama dola milioni 2 iliwatia aibu wenye mamilioni mengi.

Vijana wa huku mnaopiga muvi fupi kwa simu, acheni tomato sosi. Kwenye taa inageuka rangi ya chungwa na haitiririki. Chemsheni vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji mpaka inate, ipoe kabisa, tieni rangi nyekundu ya chakula, tone moja la buluu, na kijiko kidogo cha kakao kuondoa ule uwaridi. Buluu ikizidi inakuwa zambarau, hairekebishiki. Inavuta sisimizi na haitoki kwenye kanzu, msivae za Ijumaa. Psycho walitumia sirapu ya chokoleti kwa sababu picha ilikuwa nyeusi na nyeupe; nyinyi mna rangi.

Na ile tabia ya kushtua kwa kelele! Cat People ya 1942 ilifanya vizuri: mwanamke anafuatwa usiku, kimya, nyayo, halafu breki za basi zinapiga chaa! Ilikuwa basi tu. Tangu hapo ni paka, ni rafiki, ni mlango, kila dakika kumi. Smile 2 ina yake mengi ya hivyo, ila pale wacheza dansi wanapojaa ndani ya nyumba na kusogea kila Skye, yule mwimbaji, anapogeuza macho, hakuna anayehitaji kupigiwa kelele. Longlegs walituahidi kisa cha kutisha kuliko vyote na mwisho wake wakauelezea kama mwalimu wa darasa la nne. Osgood Perkins aliyeiongoza ni mtoto wa Anthony Perkins, mwigizaji wa Psycho, angejua kwamba maelezo ya mwisho ndiyo doa la Psycho pia.

#6

Mnabishana juu ya damu na hakuna aliyesema juu ya watoto wa madrasa waliokaa mstari wa mbele. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ina daraja la 18, na banda linatakiwa kuwa na leseni. Bandikeni daraja mlangoni, na mlango muusimamie. Terrifier saa kumi na moja jioni, kweli?

#7 (mwanzisha uzi)

Dada, sina la kubisha. Za visu zianze saa tatu usiku. Jua limezama na mwangaza hauhitaji kupandishwa. Mtapata mawili kwa mpigo.

Wa #3, tufanye hivi. Jumamosi moja, Halloween, ile ya 1978, upana wake wa asili, mistari myeusi ikae, Kiswahili kiandikwe chini. Naanza dakika 30 za kwanza za srt. Nahitaji wawili wa kugawana zilizobaki. Ni muvi ya dakika 91, na sehemu kubwa ya mwisho hakuna anayesema kitu.