Bena (kichomeo) ya boila inatoa moshi mweusi, nibadilishe nozo (kipua kinachopuliza mafuta) au bena nzima?

Wakuu, habari za jioni. Nina dobi ndogo Sinza, maji ya moto napata kwenye boila ya dizeli ya kilowati 25, mtumba wa Uingereza. Boila nzima kabisa, shida bena. Ikiwashwa inakohoa, halafu linatoka wingu jeusi. Juzi mashuka meupe ya mteja yalikuwa kambani, yakaota madoa ya masizi. Nikafua upya, bure.

Fundi wa kwanza kaweka nozo ya galoni 0.85 kwa saa, eti ndiyo aliyoikuta dukani. Nikipiga hesabu, lita ya dizeli ina kama kilowati-saa 10, kwa hiyo boila hii, ukijumlisha na joto linalopotea, inataka lita 2.7 hivi kwa saa. Nozo ya 0.60 kwa presha ya baa 10 inafika hapo. Fundi wa pili anasema tuongeze hewa tu. Wote hawana hata geji ya presha, wanasikiliza mlio!

Chumba cha moto ni kifupi: nichukue nozo inayopuliza mafuta kwa pembe ya nyuzi 60 au 80? Na nani hapa Dar ana kipimo cha gesi za bomba la moshi? Nalipia, ila nione namba.