Mdogo wangu anachanika pembe za mdomo, ulimi unamuuma, dawa ya kupaka haisaidii. Naombeni ushauri

Dada wa Rangi Tatu
Habari za leo wanajamvi. Naishi na mdogo wangu hapa Mbagala, ananyonyesha. Pembe za mdomo zinamchanika pande zote mbili. Akipiga mwayo panapasuka upya na kutoa damu. Ulimi umekuwa mwekundu wa kuelekea zambarau, umelainika, hata chai ya moto hawezi kunywa. Kandokando ya pua ngozi inatoka magamba yenye mafuta. Sasa analalamika jua linamuumiza macho, akitoka nje anajifunika uso kwa khanga.

Duka la dawa walimpa dawa ya fangasi ya kupaka. Ilituliza kidogo, hali ikarudi vilevile. Kinachoniuma zaidi ni majirani, wameanza kunong'ona kuwa "ana ngoma" na yeye amesikia. Hataki hata kwenda bombani.

Chakula chetu ni asubuhi chai ya rangi na maandazi, mchana ugali wa sembe na maharage au mchicha, usiku hivyohivyo au wali. Nyama kwa nadra, maziwa hatununui. Tatizo nini jamani?

Mdau wa Temeke
Pole dada. Hiyo homa imetokea mdomoni. Mpe dawa ya malaria, apake na mafuta ya nazi.

Nesi wa Zamu
Mkuu, dawa ya malaria hapewi mtu kabla hajapimwa. Halafu homa ikitokea mdomoni huja na malengelenge, mara nyingi upande mmoja, yanakauka yanaondoka. Huyu amechanika pande zote mbili, ulimi umebadilika rangi, ngozi ya pua inabanduka, macho hayataki mwanga. Vyote hivyo kwa pamoja vinanifanya nifikirie upungufu wa vitamini B2, yaani riboflavini.

Mwili unaitumia kugeuza chakula kuwa nguvu na kutunza ngozi, macho na utando wa mdomo. Akiba yake mwilini ni ndogo, kwa hiyo lazima iingie kila siku. Mwanamke wa kawaida anahitaji kama miligramu 1.1 kwa siku, anayenyonyesha 1.6, kwa sababu nyingine inakwenda kwenye maziwa. Mama akipungukiwa, na maziwa yake yanapungukiwa. Ikikosekana muda mrefu, mwili hautumii vizuri madini ya chuma na damu inapungua.

Lakini dada, usiishie kwenye maneno yangu. Pembe za mdomo huchanika pia kwa kukosa madini ya chuma au B12, kwa fangasi, na hata kwa kisukari. Tena B2 ni nadra kupungua peke yake. Mpeleke kituo cha afya wampime wingi wa damu na sukari, na wamwangalie macho.

VVU apime pia, kwa ajili yake na mtoto. Michaniko ya mdomo inawatokea watu wengi sana wasio na VVU, na hakuna jirani anayeweza kupima mtu kwa kumtazama usoni. Hilo mwambie mwenyewe, na umwambie mapema.

Mama Lishe wa Feri
Nampa pole mdogo wetu. Mimi nazungumzia sufuria. Maini ya ng'ombe ndiyo yanaongoza kwa B2: kipande cha gramu 85 kina karibu miligramu 2.9, zaidi ya mahitaji yake ya siku nzima. Si lazima kila siku, hata mara moja kwa wiki inasaidia. Siku nyingine yai, na kikombe cha maziwa au mtindi, ambacho kina kama 0.4. Badala ya chai ya rangi mpikieni ya maziwa hata kama ni nusu kwa nusu, moto hauiui sana B2.

Kinachoiua ni mwanga. Maziwa yaliyoshinda juani kwenye chupa inayopitisha mwanga yanapoteza sehemu kubwa ndani ya saa chache, nunua yaliyokaa kivulini na uyafunike. Mchicha nao msiuchemshe mkamwaga maji, B2 inaondoka na yale maji. Na sembe jamani! Kiini na pumba vikishatolewa, B2 nyingi imekwenda navyo. Rudini kwenye dona.

Dada wa Rangi Tatu
Mungu awabariki. Nimemsomea yote, amekubali twende kliniki kesho. Vile vidonge vya B kompleksi, vyenye vitamini B za aina mbalimbali, anaruhusiwa wakati ananyonyesha?

Nesi wa Zamu
Anaruhusiwa, kwa kipimo cha kawaida. Wamwandikie huko huko baada ya vipimo. Mkojo utakuwa wa njano iliyokolea, asishtuke, ni B2 iliyozidi inatoka. Kama shida ni hiyo, mdomo na ulimi huanza kupoa ndani ya siku chache. Wiki mbili zikipita bila nafuu, arudi. Akianza kuona ukungu machoni asisubiri hata siku moja. Mtoto nenda naye, apimwe uzito hapohapo.