Re: Bunduki za zamani za jeshi: kununua na kutunza

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Jirani yangu, mzee wa Kimarekani, anahamia kwa mwanawe na anataka kuniuzia Mosin-Nagant yake, bunduki ya zamani ya jeshi la Urusi. Bado ina ile grisi nzito ya kahawia ya ghalani, na risasi za enzi ya Wasovieti anazo kwenye bati. Nimeipenda mno. Mbao zimechakaa, nawaza kuzipiga msasa na kupaka vanishi. Viza yangu ni H-1B, ile ya kazi ya muda. Mnanishaurije?

Kijana wa Minnesota

—

Marahaba, kijana.

Weka msasa chini, tuanze na hiyo H-1B, maana ndiyo itakayokuponza. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji kumiliki bunduki au hata risasi. Kuna misamaha michache, na unaotajwa zaidi ni wa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hayumo kwenye katazo hilo, ingawa kila jimbo lina yake ya kuongeza. Na usije ukamtuma rafiki mwenye uraia akajaze Fomu 4473, ile ya kununulia bunduki, dukani kana kwamba ananunua yake. Hilo ni kosa la jinai, na hukumu ya kosa la silaha humtoa mtu nchini hata kama ana green card. Muone wakili wa uhamiaji kabla hujatoa hata senti.

Sasa bunduki yenyewe. Grisi ile huitwa kosmolini. Joto huilainisha, mafuta ya taa humaliza kazi. Petroli usiguse, mvuke wake hulipuka. Na kabla ya kitambaa cha kwanza, chemba, yaani sehemu inamokaa risasi, ikaguliwe kwa macho na kwa kidole kwamba ni tupu.

Msasa hapana, vanishi hapana. Mihuri iliyogongwa kwenye mbao na chuma ndiyo wasifu wa bunduki: nyingi zilizopita mikononi mwa jeshi la Finland zina herufi SA ndani ya kisanduku, na mkusanyaji atalipa zaidi kwa sababu ya alama hiyo. Ukiikwangua umebaki na ubao unaong'aa. Futa uchafu, paka mafuta ya kitani kidogo kwa kiganja, basi. Vitambaa vyenye mafuta hayo vitandazwe nje vikauke. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka moto. Si hadithi hiyo.

Hizo risasi za bati ndizo zinazonipa wasiwasi. Fataki, yaani viwashio vya kitakoni, za risasi nyingi za kijeshi za zama zile zina klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndani ya mtutu. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na kutu huanza kula mistari ya mtutu wakati wewe umelala. Wengi humimina mafuta wakadhani wamemaliza. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu! Dawa yake ni maji, ya moto yakiwepo kwa kuwa chuma kikipata joto hukauka upesi, na siku ileile ya kupiga. Kisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kimoja hakina unyevu, ndipo mafuta. Uso wa bolti, kile chuma kinachofunga chemba, usisahaulike. Wapo wanaoapia dawa ya kusafishia vioo yenye amonia; kinachofanya kazi humo ni maji.

Ufito wa kusafishia uingie kwa nyuma, bolti ikiwa imetolewa. Ukipitishwa mdomoni mwa mtutu miaka na miaka hula ncha ya mtutu, na shabaha inaharibika. Ndiyo sababu utakuta Mosin ambazo tundu la mdomoni limepanuliwa kwenye karakana za jeshi.

La mwisho, namba za bolti na mtutu zikilingana usifurahi haraka, karakana za Kisovieti zilizigonga upya wakati wa ukarabati. Fundi wa bunduki apime nafasi kati ya bolti na chemba kwa geji kabla mtu hajapiga.

Mzee wa Ohio

—

Kaka mkubwa amesahau wenye watoto. Bunduki kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi kwingine na kufuli lake. Na isilazwe ndani ya mkoba wake wa sponji au ngozi: inashika unyevu, utaifungua baada ya msimu ukute madoa ya kutu.

Mama Wawili

—

Kijana, ukishindwa Mosin tafuta Mauser 71. Askari wetu wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa na hizo vita ilipoanza 1914, milimita 11, baruti nyeusi, moshi wake unamwonyesha adui ulipo. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba mwaka ule, waliokota bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza. Na kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa ya kale, haimo kwenye katazo la viza. Majimbo mengine hayakubaliani, kwa hiyo hiyo nayo mpelekee wakili.

Msoma Historia

—

Asanteni sana. Nimemwambia mzee asubiri. Je, naweza kumsaidia tu kuisafisha kwake, akiwa amekaa hapo hapo?

Kijana wa Minnesota

—

Hata kuishika mkononi inaweza kuhesabiwa kumiliki. Liongeze kwenye maswali ya wakili. Kwa sasa mnunulie ndoo na vitambaa, mengine afanye mwenyewe.

Mzee wa Ohio