Panya wa dukani na ule uvimbe wa taya: kuna uhusiano?

MamaNafaka
Jameni nisaidieni. Nauza nafaka hapa Nyamakima mwaka wa kumi na moja sasa, na panya ni majirani zangu. Nimetega kwa gundi, nimefuga paka, na bado asubuhi napata gunia la ndengu limetobolewa pembeni na mavi yao juu ya mizani. Hayo nimezoea.

Jumapili binti yangu, anayesoma baiolojia pale Chiromo, alikuwa akijizoeza kuongea mbele ya darasa huku mimi napeta mchele. Nikasikia "hepesi ya panya". Kidogo tena, "saratani ya taya kwa watoto". Ungo ulinitoka mikononi. Mtoto wa dada yangu huko Siaya alivimba taya akiwa na miaka sita. Mahali pa kwanza alipopelekwa walisema ni jino, wakang'oa jino lisilo na hatia. Baadaye alitibiwa vizuri na leo yuko kidato cha tatu. Lakini likizo ile kabla augue, alikuwa kwangu, analala mchana juu ya magunia.

Nilimuuliza binti, akanijibu, "Mum, hiyo ni modeli tu," akarudi kwa simu yake. Modeli ninaowajua mimi ni wale wa kuvaa nguo. Je, panya wangu ndio walimwambukiza? Na kama si wao, mbona wasomi wanahangaika na ugonjwa wa panya badala ya ule wa mtoto?

Kijana_wa_Umoja
Mama, huyo paka unampa maziwa? Shida iko hapo.

FundiWaMaabara
Mama, kwanza tua huo mzigo. Si panya wako.

Uvimbe huo huenda ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga za mwili. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, aliandika kuuhusu mwaka 1958 akiwa Kampala, hapa jirani tu. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, wa ukoo wa hepesi. Ndicho kinachoitwa Epstein-Barr. Ni cha binadamu na hupitia kwa mate. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, kwa hivyo mimi na wewe pengine tumo. Kinaingia katika seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, kinalala humo mpaka tuzikwe nacho, na wengi hatujui. Mambo huharibika zaidi kwa watoto wa sehemu zenye malaria ya kila mara, kama kule kando ya ziwa. Kwa hivyo kama ni kutafuta mdudu wa kulaumu, anza na mbu.

Swali lako la pili ndilo tamu. Kirusi cha Epstein-Barr hakimshiki panya wa kawaida. Na huwezi kumchukua mtoto mzima, umwambukize makusudi, halafu umpasue baada ya wiki mbili uone kimefika wapi. Basi wakatafuta ndugu ya kirusi hicho ambaye tayari anaishi kwa panya. Huyo ndiye MHV-68, ile hepesi ya panya uliyoisikia, na "modeli" ya binti yako ni hiyo: mfano wa kusomea badala ya mtoto. Alitolewa kwa panya wa porini huko Slovakia, enzi za Chekoslovakia. Jeni zake, karibu 80, zilisomwa zote 1997, na nyingi zina wenzake katika Epstein-Barr na katika kirusi kinacholeta saratani ya Kaposi.

Nilifanya kazi na panya hao miaka miwili, maabara moja Uingereza. Unamlaza kwa dawa ya usingizi, unamwekea tone puani, analivuta. Siku za kwanza kirusi kinazaana mapafuni. Karibu siku ya kumi na kitu ukipima mapafu hukipati, na panya anakimbia kama kawaida. Mpasue siku ya 14 sasa. Wengu wa panya ni kijiulimi chembamba chekundu, hakifiki kidole changu kidogo. Wa huyu umevimba mara mbili, tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimechukua panya wa kizimba kingine, nikarudia kusoma nambari ya sikioni. Kumbe kirusi kilikuwa kimehamia kwenye seli B. Wengu hunywea baadaye, kirusi hakiondoki.

Na hili litakugusa: panya akipata malaria ya panya, ile ambayo kwa kawaida anapona, wakati MHV-68 bado ni mgeni mwilini, anashindwa kutengeneza kingamwili za kutosha na anaweza kufa. Kwa mtoto wa Siaya hungeweza kuvitenganisha hivyo viwili uone kipi kinamfanya nini mwenzake.

Msomi_Kabete
Fundi, usimpambe panya sana. MHV-68 haigeuzi seli B kuwa saratani kirahisi kama Epstein-Barr. Panya wanaoota uvimbe ni wachache na huchukua miezi mingi. Tena panya weupe wa maabara si wenyeji wake wa asili.

FundiWaMaabara
Kweli, sibishi. Kwa saratani yenyewe ni mfano dhaifu. Kwa namna kirusi kinavyojificha na kuamka, sijaona bora. Mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba hata minyoo ya tumbo hukiamsha.

MamaNafaka
Kwa hivyo kulala juu ya magunia hakukumdhuru?

FundiWaMaabara
Si kwa taya. Ila mkojo wa panya unaweza kuwa na bakteria wa leptospira, wanaoweza kuharibu figo na ini. Vaa glavu ukifagia, mwaga maji yenye jiki kwanza usitimue vumbi, na ndengu zitie kwenye pipa lenye kifuniko.

MamaNafaka
Asante mwanangu. Nimempigia dada yangu, tumenyamaza wote wawili kwa simu, halafu akaniuliza bei ya ndengu. Binti amesema Jumapili nimsikilize tena, na mimi nina maswali. Kijana wa Umoja, paka wangu hanywi maziwa, anakula omena. Njoo umchukue.