Naombeni ushauri: nimetoa keshi kwa meseji feki, nikope mtandaoni kuziba pengo au nifunge kibanda?

MAMA PACHA WA MBAGALA
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni wakala wa miamala hapa Mbagala, kibanda changu kipo karibu na kituo cha daladala, mwaka wa tatu huu. Sijawahi kuanzisha uzi, ila leo usingizi umegoma.

Jumamosi iliyopita, kama saa moja na nusu usiku, watu wanashuka kwa wingi, akaja kijana mmoja mpole, nguo safi, anataka kutoa 480,000. Nikamtajia namba ya wakala. Akabonyeza simu yake, mara meseji ikaingia kwangu. Imeandikwa kama zile zote: kiasi, jina la mteja, namba ya muamala, mpaka salio jipya. Nikahesabu noti mara mbili mbele yake. Akasema "asante mama", akapanda bodaboda iliyokuwa inamsubiri haijazimwa.

Baada ya robo saa akaja mama muuza samaki kuweka laki sita. Nikiamini floti ipo, yaani salio la uwakala kwenye simu. Simu ikasema salio halitoshi. Nikarudia, vilevile. Ndipo nikaifungua ile meseji taratibu. Juu kabisa, mahali panapokaa jina la huduma, palikuwa na namba ya simu ya kawaida.

Hela yenyewe ni ya kikoba. Tuko akina mama kumi na tano, marejesho kila Jumamosi. Polisi nimekwenda, nimepewa RB, ile namba ya taarifa yangu kituoni, nimeambiwa nitapigiwa. Huduma kwa wateja wakaniambia hakuna muamala wowote uliofanyika, kwa hiyo hakuna cha kurudisha.

Mume wangu anasema nifunge, nirudi kwenye vitumbua. Shoga yangu amenionyesha apu ya mkopo, laki tano kwa dakika kumi, hakuna dhamana. Jumamosi hiyo inakuja. Ninyi mngefanyaje?

MDAU WA TANDIKA
Pole sana dada. Ila nikueleze ukweli, kosa ni lako. Huwezi kuhesabu laki tano kasoro kwa kuangalia meseji. Meseji anaandika yeyote mwenye simu.

WAKALA BUHONGWA
Mkuu hapo juu, mwache kwanza apumue. Mimi nipo Mwanza mwaka wa saba kwenye kazi hii, na mimi nililizwa hivyohivyo, tena mchana kweupe.

Mama Pacha, tangu siku ile meseji siisomi kabisa. Mteja akishatoa, naingia kwenye menyu, naweka namba ya siri, naangalia salio kwa macho yangu. Likiwa limepanda ndipo mkono unaingia kwenye droo. Kuna wateja wananuna, wanasema nawachelewesha. Namwambia kaka, subiri nusu dakika, ni hela yako pia. Na laini ya uwakala iweke kwenye kitochi chake peke yake, namba yake usimpe mtu, hata ndugu. Meseji yoyote ngeni ikiingia humo unajua moja kwa moja kuna jambo.

Halafu usifunge. Mtaji wa wateja wanaokuamini miaka mitatu haupatikani kwenye vitumbua.

DADA WA MOROGORO
Nimeingia kwa ajili ya hiyo apu tu. Usiiguse. Narudia, usiiguse.

Mwaka juzi mwanangu aliumwa, nikakopa laki mbili. Iliyoingia kwenye simu ni 138,000, nyingine wakasema ni gharama. Siku saba tu, natakiwa kurudisha laki mbili kamili. Wakati naipakua iliomba ruhusa ya kuona majina yote kwenye simu yangu, nikabonyeza kubali bila kusoma. Siku ya nane, alfajiri, baba mkwe akanipigia kutoka kijijini. Mzee wa miaka sabini na kitu, ametumiwa meseji kwamba mkwe wake ni tapeli, amweleze alipe. Mwalimu wa mtoto naye aliipata. Mpaka kiongozi wa jumuiya. Nililia siku mbili.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Angalia kwanza kama hiyo ya shoga yako imo. Na hata kama haimo, pengo la 480,000 halizibwi na deni la siku saba. Utakopa ya pili kulipa ya kwanza.

KIJANA WA LAINI
Mimi nilikuwa nasajili laini mtaani, kwa hiyo naongea ninachokijua. Hiyo namba iliyotuma meseji usiifute. Itume kwenda 15040, ndiyo ya kuripoti matapeli. Piga picha meseji yote, namba ionekane na saa ionekane, upeleke kituoni iwekwe kwenye faili la RB yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, lakini mpelelezi bila ushahidi mkononi hana pa kuanzia.

Sasa lililo gumu. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo namba hiyo ina mwenyewe. Tatizo ni kwamba mwenyewe anaweza kuwa bibi wa watu asiyejua chochote. Wapo wasajili wanaomwambia mtu "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe cha kwanza kilisoma, na cha pili kinasajili laini nyingine inayouzwa kwa wahuni. Nimeyaona, ndiyo maana niliacha ile kazi. Kila anayesoma hapa apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

MWANA NAKURU
Pole mama. Huku kwetu M-Pesa ilianza 2007, na ajenti wangu mpaka leo anaitisha kitambulisho, anaandika kwenye kitabu, unatia sahihi. Watu wanalalamika foleni. Lakini huyo kijana wako angeambiwa alete kitambulisho, nadhani angekumbuka ana haraka.

MDAU WA TANDIKA
Nimerudi. Samahani dada kama nilikuwa mkali. Wakala wa mtaani kwetu alifuatwa na pikipiki mpaka mlangoni kwake, akaporwa mkoba na kukatwa panga mkononi. Ndiyo maana nasema: giza likiingia, funga. Keshi ikizidi peleka benki mchana, usilale nayo, na usipite njia ileile kila siku.

MAMA PACHA WA MBAGALA
Asanteni sana wote, nimesoma kila neno. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kikoba leo mchana, nikamweleza bila kuficha. Wamenipa wiki sita kulipa kidogo kidogo, faini ya wiki ya kwanza wamenisamehe. Apu nimeifuta. Kibanda sifungi, ila saa kumi na mbili jioni nakunja mwavuli.

Jambo moja. Nimepiga *106# kama kijana alivyosema. Zimekuja namba tatu. Mimi ninazo mbili.

KIJANA WA LAINI
Nenda duka la mtandao mwenyewe na kitambulisho, usimtume mtu. Waifunge ukiwa umesimama pale. Namba hiyo iandike kwenye karatasi kabla haijafungwa, ukitoka pitia kituoni waiongeze kwenye maelezo yako.

MAMA PACHA WA MBAGALA
Saa mbili kamili nitakuwa mlangoni kwao, kabla sijafungua kibanda.