Wafanyakazi hawatumii sachi (sehemu ya kutafutia) ya intraneti, mtandao wa ndani wa ofisi, nifanyeje?

Wakuu, ofisini tuna SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi na kushirikiana mafaili, ila mtu akitaka fomu ya likizo anampigia HR (rasilimali watu) simu, ukimwambia atafute anasema haileti kitu. Nisaidieni.

— Mkuu anza na ripoti ya sachi, cheki maneno yanayorudi patupu. Watu wanaandika likizo wakati faili linaitwa HR_F07_final2.pdf, tena limeskaniwa kama picha halina maandishi ndani, litaonekanaje? Badilisha jina, halafu kwenye mipangilio ya sachi weka bukumaki, yaani linki unayoifunga na neno kama likizo, fomu itokee juu kabisa.

— Naongezea, waonyeshe alama za nukuu, "fomu ya likizo", kutafuta maneno hayo yakiwa yamefuatana, na filetype:pdf kupata faili za PDF tu. Dakika chache kwenye kikao zinatosha, semina ya siku nzima watasinzia.

— Na futeni matoleo ya zamani jamani, mtu akishajaza fomu ya 2019 ikakataliwa harudi tena kutafuta humo.