Tupeane uzoefu: kununua na kufufua lori la jeshi lililostaafishwa

Mwanzisha mada

Wadau, salamu kwenu nyote. Mara nyingi nimeona wapenzi wapya wa magari makuukuu wakiuliza iwapo lori la jeshi linafaa kuwa kazi ya mapumziko, na majibu wanayopewa huwa ya aina mbili tu: wapo wanaowatia hamasa wasizozipima, na wapo wanaowakatisha tamaa kabla hata hawajaliona gari lenyewe. Naomba walioshika spana wenyewe waeleze walichokutana nacho, hasa kile ambacho hawakukitarajia. Naanza na langu.

Nililinunua M35A2 la Marekani, lori la magurudumu 10 ambalo ukoo wake ulianza kutumika mwaka 1950 na ambalo hupimwa kwa tani mbili na nusu za mzigo nje ya barabara, ingawa lenyewe likiwa tupu lina uzito wa karibu tani 6. Lilikuwa limekaa miaka mingi bila kuguswa. Nilifunga betri mbili za volti 12 kwa mfululizo ili nipate volti 24, nikasafisha tangi, nikabadilisha filta zote, nikatoa hewa kwenye mfumo wa dizeli, na jioni ile ile injini ikawaka kwa moshi mwingi na mlio ambao nisingeubadilisha na muziki wowote. Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kuwa injini imewaka, nikaliona lori kuwa ni zima.

Wiki iliyofuata, nikiwa ndani ya kiwanja changu katika mwendo wa mtu anayetembea, pedeli ya breki ilizama hadi sakafuni. Wasiolijua gari hili waelewe kwamba breki zake ni za mafuta zinazosaidiwa na hewa, na kwamba katika toleo langu mafuta hayo hupita katika njia moja tu inayohudumia ekseli zote tatu, kwa hiyo bomba moja likipasuka, magurudumu yote hubaki bila breki. Nilisimama kwa breki ya mkono, ambayo hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi ya ugawaji (ile inayogawa nguvu kati ya ekseli za mbele na za nyuma) na wala haigusi magurudumu yenyewe. Ingalikuwa mteremko, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia kwa utulivu huu.

Baada ya hapo nilizifumua breki zote. Dramu (ngoma ya chuma ya breki) haitoki bila kuivua habu (kitovu cha gurudumu), na habu haitoki bila soketi kubwa maalumu ya nati zake, kifaa ambacho nawashauri mkinunue kabla ya rangi, kabla ya turubai, na kabla ya taa yoyote ya mapambo. Nilikuta sili (raba za kuzuia uvujaji) za ndani zimekufa na lainingi (vipande vya breki vinavyosugua dramu) zimelowa grisi, wili silinda (silinda ndogo zinazosukuma breki za kila gurudumu) nne kati ya sita zimeganda kwa kutu, na ndani ya mabomba uchafu mzito unaofanana na jeli. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya breki ya silikoni, na inaelekea mmiliki aliyenitangulia aliongezea mafuta ya kawaida juu yake, ilhali aina hizo mbili hazitakiwi kuchanganywa. Kifuniko cha masta silinda (pampu kuu ya breki), kwa taarifa yenu, kipo chini ya sakafu ya dereva, mahali ambapo mhandisi aliyekiweka hakuwahi kutarajia kukifungua kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi hiyo ilinichukua miezi saba. Injini ilinichukua siku moja.

Gia Nzito

Mwanzisha mada amesema kweli kuhusu breki. Mimi nina Unimog 404, iliyotengenezwa Ujerumani kati ya mwaka 1955 na 1980, yenye injini ya petroli ya silinda sita na ujazo wa lita 2.2. Wengi huipenda kwa jinsi ilivyoinuka juu ya ardhi, na siri ya kuinuka huko ni kwamba ekseli zimepandishwa juu ya kitovu cha gurudumu, kisha kila gurudumu likapewa gia zake ndani ya habu. Uzuri huo una gharama ambayo muuzaji hakunitajia: badala ya kukagua mafuta ya giaboksi na difu (gia za katikati ya ekseli) mbili peke yake, unayo pia makasha manne ya pembeni, na kila moja lina mafuta yake na sili zake. Katika kasha moja la nyuma mafuta yalitoka yakiwa meupe kama maziwa, dalili kwamba maji yaliingia zamani, na beringi zilikuwa zimeliwa na kutu. Tangu siku hiyo siendi kutazama gari bila chupa tupu na spana ya kufungulia plagi za mafuta. Muuzaji akikataa usifungue plagi, jibu umeshalipata.

Jambo la pili ni umeme. Mfumo wake wa kuwasha plagi za cheche ni wa volti 24 na umefunikwa kwa chuma kutoka distribyuta (kigawa umeme) hadi kwenye plagi hizo ili usiingilie mawasiliano ya redio. Spea zake ni adimu na ghali kuliko za gari la kiraia. Mimi nilichoka kutafuta nikafunga mfumo wa kawaida, na gari linawaka kila siku.

Tabaka la Rangi

Ndugu Gia Nzito, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Anayeuondoa mfumo ule na kuutupa ameliondolea gari sehemu ya sababu ya kuwepo kwake, na walau angeuhifadhi kwenye sanduku kwa ajili ya atakayekuja baada yake.

Uzoefu wangu ni wa rangi. Nilipokuwa nikipiga msasa mlango wa Bedford MK ya Uingereza, chini ya kijani nilikuta rangi ya mchanga, chini yake kijani kingine, na katikati ya tabaka hizo namba zilizochorwa kwa mkono usiotulia. Niliacha msasa, nikapiga picha, na kwa siku tatu nilifanya kazi kwa kipande cha msasa laini na maji, nikifunua tabaka kidogo kidogo. Kipande kile sijakipaka rangi hadi leo.

Lakini msilichukulie jambo la rangi kwa mzaha. Tabaka za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi (ledi), na rangi ambayo jeshi la Marekani lilianza kuitumia ili kuhimili kemikali za kivita ina aisosayaneti, kemikali ambayo ni hatari kwa mapafu hasa inaponyunyizwa au inapochomwa kwa moto wa kuchomelea. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Lowesha unapopiga msasa, na kwangua hadi chuma kitupu kabla ya kuchomelea.

Nati Nane

Nitasema kwa ufupi kwa sababu bado linanitetemesha. Kwenye Jeep ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kuna rimu za nusu mbili zilizounganishwa kwa nati, na nati hizo si zile zinazolishika gurudumu kwenye habu. Rafiki yangu alianza kuzilegeza tairi ikiwa na upepo. Nilimshika mkono. Sasa zangu nimezipaka rangi nyekundu, na sifungui chochote kabla ya kung'oa kiini cha valvu na kusikia upepo wote umetoka. Rimu za malori zenye ringi ya kufungia nazo zinajazwa upepo ndani ya kizimba cha chuma, nawe ukiwa pembeni, si mbele yake.

Mgeni Jamvini

Nashukuruni sana. Mimi bado sijanunua. Nianzie wapi?

Mwanzisha mada

Karibu. Anza na karatasi: hakikisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma inalingana na kibati cha dashibodi na hati ya mauzo, na uulize mamlaka ya usajili ya kwako kama gari la uzito huo linaruhusiwa barabarani, na kwa leseni gani, kabla ya kulipa chochote. Kisha pima mlango wa mahali utakapoliweka. Mimi nilipima urefu na upana, nikasahau kimo cha vyuma vya turubai, na usiku wa kwanza lori lililala nje huku mvua ikinyesha ndani ya kabini.

Kuhusu ubishi wa mfumo wa umeme, namuunga mkono Tabaka la Rangi, ila nakiri kwamba stata yangu mwenyewe si ya asili. Kwa sasa lori langu limesimama tena juu ya stendi: sili ya habu ya mbele kushoto inavuja, na mpya bado ipo njiani.